Ombi la Kumrudisha Tanta Mwanao Mhandisi

Shubra, Cairo

Mkwe wangu mheshimiwa, Hajjati Inshirah,

Amani iwe juu yako na wote waliomo nyumbani. Mimi ni mzima, hofu yangu ni juu ya mwanao Rifaat, ambaye kwa heshima na taadhima naomba umpokee kesho katika stesheni ya Tanta. Mkewe, binti yangu Nagwan, atabaki kwangu. Sababu ni hizi:

1. Kompyuta yangu imegoma kuwaka. Ndani yake mna filamu fupi ya marehemu mke wangu Tahiya akikanda unga wa kahki, biskuti zetu za Idi, na hapa duniani sina pengine pa kuisikia sauti yake. Nilitaka kuita fundi. Mwanao akasema, "Fundi wa nini, ami, na mimi nipo?" Hajjati, mwanao ni mhandisi wa mabomba ya maji.

2. Akaomba flashi aifanye ya iqlaa. Neno hilo unalijua: ndege ikipaa ni iqlaa, mtu akiacha sigara ni iqlaa. Nikadhani ananihubiria. Nikamwambia, "Kijana, mapafu ni yangu, we shughulika na kompyuta!" Akacheka hadi akapaliwa na chai. Chai yangu. Kumbe ni flashi ya kuwashia kompyuta ambayo diski yake imeugua. Si angesema hivyo tangu mwanzo?

3. Flashi niliyompa ilikuwa na nyimbo zangu zote za ujana. Akazifuta. "Lazima isafishwe kwanza, ami, ndivyo inavyotengenezwa." Anayetafuta kilichopotea kwa kupoteza kilichopo, mimi simkabidhi hata kuku. Na mchuzi wa molokhia haunifikii tena, anaumaliza yeye, maana eti kazi ya akili inatia njaa.

4. Flashi ilipokubali, kompyuta ikauliza kama ifute diski nzima. Kidole cha mwanao kilikuwa njiani kwenda kwenye "ndiyo". Nilipiga ukelele majirani wakatoka. Nilimpiga pia, lakini mkononi tu, na kiatu hakikuhusika. Kisha akanikataza kuvuta sigara sebuleni kwangu mwenyewe, eti moshi unaziba feni ya kompyuta. Kwa hiyo mahubiri yalikuwepo!

Napendekeza akina mama wote wa Tanta wawaandike wana wao kwenye paji la uso ni wahandisi wa nini, kabla hawajaoa watoto wa watu.

Nisalimie Haji, mabinti zako, na yule jirani mwenye bata.

Wako akuheshimuye,
Galal Abdel-Mawgud,
Mkuu wa stesheni mstaafu

Tanbihi: Nilipokuwa natia sahihi, nimemsikia Tahiya sebuleni: "Wee Galal! Zima hiyo sigara, unanimwagia majivu kwenye unga!" Nimeizima kabla sijakumbuka kwamba amefariki. Sasa tunairudia filamu aliyoiokoa mwanao, nami nalia bila haya. Usiende stesheni. Mwombe jirani bata mmoja uje naye, mtoto wetu Rifaat hajala tangu ile molokhia ya asubuhi.