Herufi Mia na Sitini za Mheshimiwa Rais

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Aibu kubwa. Miaka sita naongoza Mlango Wazi, ASBL, yaani shirika lisilo la faida, inayowatunza vijana ishirini wanaoandika programu huria. Intaneti, chumba, vibali: vyote kwa juhudi zangu. Programu yao huwatumia kina mama ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya chanjo ya watoto. Vituo vya afya kumi na kimoja vinaitumia, kuanzia hapa kwetu Kasungami hadi Kambove. Leo nimeomba nionyeshwe jina langu ndani yake.

Halimo! La Katungu limo mara mia nne na tatu.

Katungu ni binti wa wauza jumla wa Butembo na kiongozi wa waandishi. Jumamosi anagombea kiti changu. Ana kanuni yake: badiliko lolote lisomwe kwanza na mtu wa pili. Hata la rais? Hata la rais, papa, amejibu akicheka. Nimesahihisha madaftari ya watu miaka thelathini na nne. Langu halisahihishwi na mtu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekumbuka! Ufunguo mkuu wa programu ninao mimi. Mwenye ufunguo huo hupita juu ya kanuni.

Nimefuata maelekezo ambayo Katungu mwenyewe aliwaandikia wageni. (Yameandikwa vizuri. Nakiri hapa tu.) Sasa kila ujumbe utaanza hivi: "Kwa uongozi wa Mheshimiwa Rais Edouard Kalaba, mwalimu mstaafu, mwanzilishi na msimamizi mkuu wa Mlango Wazi, shirika lisilo la faida." Ndipo zifuate habari za mtoto na tarehe.

Nimebonyeza saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Mtu wa pili hakuhitajika. Mke wangu Delphine ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia historia imeandikwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Saa moja asubuhi, kina mama zaidi ya sabini langoni, watoto mgongoni! Kasungami nzima inapajua kwa Mwalimu Kalaba. Nimevaa koti, nimesimama barazani, nimewashukuru kwa kuniunga mkono kabla ya uchaguzi. Makofi machache. Nilipofikia mipango yangu ya miaka kumi ijayo, mama mmoja, Princesse, amepaza sauti: "Papa Prezida, tumesikia. Sasa chanjo iko siku gani?"

Nimemjibu kwamba asome ujumbe. Amenipa simu nisome mimi. Baada ya cheo changu yapo maneno haya tu: "Mama mpendwa, mlete mwana". Basi. Mwingine akauliza kutoka nyuma: "Batamupiga mutoto shindano ya jina yako?" Sindano ya jina langu! Wamecheka sana. Mimi sikucheka.

Mara akafika muuguzi Exaucée kutoka kituo cha afya, anahema. Chanjo ya surua ni leo, benchi tupu, dawa ziko kwenye barafu, na saa sita gari la baridi linaziondoa. Wote wakatoka mbio, yeye mbele. Hakuna aliyeniaga.

Katungu amenipigia simu. Ujumbe mmoja hubeba herufi mia na sitini, kinachozidi hukatwa, na cheo changu kimekula nafasi yote. Amekiondoa, mwandishi mwenzake Kasereka amesoma, badiliko limeingia: dakika nne. Dakika nne! Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi, mbiombio.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano mkuu. Nimesimama kwanza. Nimesema kosa ni la mashine. Anayesema vinginevyo alete ushahidi.

Katungu ameonyesha ushahidi ukutani: kumbukumbu ya mabadiliko yote ya programu. Jina langu. Saa nne na dakika kumi na mbili. Msomaji wa pili: hakuna. Nimeamuru lifutwe. Kwa upole amesema humu hakifutwi kitu, papa, ndivyo kinavyosema kifungu cha nne cha katiba yetu.

Kifungu cha nne nilikiandika mimi.

Kura: ishirini na moja kwake, moja kwangu. Delphine ni mwanachama. Nimehesabu mara mbili. Njiani amesema naye alipokea ujumbe wa mjukuu wetu Shalom, akakaa nyumbani siku nzima akisubiri tarehe. Angeweza kuniuliza. Amesema aliniuliza, nikamwambia nashughulika na hotuba.

Nimekabidhi ufunguo. Kichwa sikuinamisha. Nilitaka jina langu likae humo daima. Limo, na hawawezi kulitoa!

Jumapili, 8 Septemba

Kifungu cha tano, nacho changu: mtu yeyote anaweza kunakili programu yote na kuiendeleza atakavyo. Mtu yeyote!

Baada ya ibada nimeinakili. Nimeanzisha Mlango Wazi wa Kweli. Rais: mimi. Waandishi: watakuja. Mtu wa pili: hapana. Katika cheo nimeongeza "mwanzilishi mara mbili", kwa kuwa ni kweli.

Ujumbe wa kwanza nimeutuma kwa Delphine. Ametoka jikoni, simu mkononi, kuuliza ujumbe huu unamtaka afanye nini. Nimemwambia asome tu.

Safari hii sikubahatisha. Nimehesabu kwa kalamu nyekundu: herufi mia na hamsini na nne. Tarehe haikuenea. Nimeiondoa.