Mume Wangu, Chura na Chai ya Kumi na Nne

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikikueleza pale getini kabla mlinzi hajanisindikiza nje, naomba mume wangu aondolewe kwenye utafiti wa dawa ya ngozi ya chura, ili twende fungate yetu iliyoahirishwa mara tatu. Tuna wiki tano za ndoa. Mume wangu ni mtamu kuliko usingizi wa alfajiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alinishika mkono akanieleza kwamba ngozi ya chura ina vinyororo vidogo vya protini vinavyotoboa bakteria, ila kwenye damu ya mtu havidumu. Hivyo yeye hubadilisha kiungo kimoja cha kinyororo, anapima, anabadilisha kingine. Macho yake yaling'aa nikadhani nasifiwa mimi. Kumbe chura.

2. Tabia hiyo imehamia nyumbani. Aliisifu chai yangu, kisha akaomba kesho nipunguze sukari tu, nisiguse kingine, tulinganishe. Tumefika chai ya kumi na nne, na ile ya kwanza bado naipika kila siku, maana ndiyo ya kulinganishia.

3. Nikimwita "mpenzi", anaitika. Nikimwita "mpenzi wangu wa moyo wangu wote", ananiambia kwa upole kwamba kinyororo kikiongezwa mkia mrefu mno, kinadhuru hadi seli za mgonjwa.

4. Nilipouliza fungate ni lini, alijibu kwamba bakteria huzaliana kila dakika ishirini. Mheshimiwa, wao dakika ishirini, sisi wiki tano hatujapata hata Jumapili moja.

5. Chura aliumbwa kamili, na mume wangu pia. Nimempokea na mkoromo wake, sijabadilisha kiungo hata kimoja. Mwacheni chura alivyo, nirudishieni mume alivyo.

Nisalimie mlinzi, dada wa hadubini, na vyura wote, maana wao hawana kosa.

Mwenye furaha na manung'uniko,
Bibi harusi wa wiki tano

Nyongeza: Mama mkwe ameingia sasa hivi na masanduku matatu, na kidonda cha mguu kisichosikia dawa yoyote ya hospitali. Amesema, "Mwanangu, sitoki hapa mpaka kipone." Tafadhali mfutie mume wangu likizo, hata Jumapili, aikamilishe hiyo dawa ya chura. Mimi mwenyewe nitakuja kabla mwezi haujaisha kuwasaidia kuosha chupa. Tukiosha wawili, mimi na yeye, hiyo nayo ni fungate.