Mlango Uliopakwa Mafuta

Jumatatu, 4 Machi

Binti amenikubali. Bado baba yake! Mzee ni seremala mstaafu, na leo ameniuliza nafanya kazi gani. Ulimi ukateleza: mhandisi wa mitambo redioni. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayetengeneza sauti za mchezo wa redio wa jioni. Nakanyaga kokoto kwenye sinia, mtu anatembea. Navunja karoti, mtu kavunjika mguu. Miaka tisa sasa. Mchumba wangu amenuna, anataka nimwambie baba ukweli. Nimwambieje? Mzee mwenyewe alishasema kuigiza ni michezo ya watoto, kazi ni ile inayokuchosha mgongo.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Mzee anataka kuja kuiona hiyo mitambo. Keshokutwa! Nimeazima koti jeupe kwa jirani mwenye bucha. Lina doa mfukoni, nitalificha kwa kalamu. Yule mwigizaji tunayemwita Sauti Nzito amecheka mpaka akakaa chini. Eti hajawahi kuona mhandisi anayenuka maini. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechelewa kurudi, lakini niandike.

Mzee alifika jioni, suruali imenyooshwa pasi. Nikamwonyesha taa zinazowaka, nikabonyeza vitufe viwili. Akaguna. Kisha akauona mlango wangu, mdogo, umesimama peke yake katikati ya studio, nyuma hakuna chumba, mbele hakuna chumba. Ni mlango wa mama wa kambo wa kwenye mchezo. Ukilia tu, wasikilizaji wote wanajua mwovu anaingia. Mzee akauliza ni wa nini. Nikasema wa kupima mitambo, nikakimbilia kumletea chai.

Kosa! Niliporudi alikuwa anafuta vidole. Kumbe hutembea na kichupa cha mafuta! Bawaba zote mbili kazipaka. Akaufungua, akaufunga, kimya kabisa, akasema sasa huo ni mlango. Nikamshukuru. Zimebaki dakika tatu twende hewani!

Akaketi nyuma ya kioo. Zamu ya mama wa kambo ikafika. Nikavuta mlango, wapi! Waigizaji wote wakanikodolea macho. Nikasogelea kipaza sauti nikalia mwenyewe, kwa koo langu, kama bawaba yenye kutu, mara mbili, nimevaa koti la bucha. Sauti Nzito ilibidi ajing'ate mkono.

Mchezo ulipokwisha mzee alikuwa amesimama. Nikajua posa imekufa. Akauliza kama mlango ule wa kila siku ni mimi. Nikakiri yote, mpaka koti.

Akasema marehemu mke wake, mwaka ule wa mwisho, hakuwa na hamu ya chakula wala ya wageni. Ila mlango ule ukilia redioni alikuwa anamshika mkono na kumwambia anyamaze, yule mwanamke anaingia. Kila siku nusu saa alikuwa anasahau maumivu. Mzee akavua miwani, akaifuta. Akasema hicho hawezi kukiita mchezo wa watoto, hiyo ni kazi, na mimi ni fundi. Nililia mbele ya mkwe, sioni haya. Kisha akasema alijua tangu mwanzo nadanganya, maana kitufe cha pili nilichobonyeza kilizima feni.

Jumapili, 10 Machi

Posa imepita! Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Mzee ameniletea bawaba kuukuu yenye kutu, kaifunga kwenye gazeti, nirudishie mlango sauti yake. Moyo mweupe kabisa. Uongo basi, mpaka naingia kaburini.

Jioni. Shangazi yake mchumba amepiga simu, anakuja Jumamosi kunitazama. Akauliza nafanya kazi gani. Nimemwambia rubani. Mlio wa ndege si tatizo, ninao, feni na kipande cha karatasi. Bado kofia tu.