Muundo Mpya wa Kuzikana Akheri

Wananchi walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia Jumatatu ile, kijijini Akheri hakuna mtu angezikwa tena kiholela. Enzi ya kuzikana kienyeji ilikuwa imekwisha. Yalikuwa yameingia mageuzi ya kitaasisi.

Aliyeyaleta ni mtoto wa pale pale, Abdiel Sumari, afisa mwandamizi wa idara moja mjini Arusha, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya nadharia za taasisi na mabadiliko yake. Alikuwa amebakiza utafiti tu. Utafiti ulitaka taasisi iliyobadilishwa ikabadilika. Ofisini kwake alishajaribu, lakini kule hata kuhamisha birika la chai kulihitaji kibali cha wizara. Ndipo akakikumbuka kikundi cha kuzikana cha nyumbani.

Alianza kwa kumhoji jirani yao, Ezra.

"Mtu akifariki, nani anaamuru kaburi lichimbwe?"

"Kuamuru kwa nini, bosi? Ukisikia kilio unabeba jembe."

"Na msimamizi wa wachimbaji?"

"Aliyewahi kufika. Mara nyingi ni baba yako."

Abdiel aliandika: Hakuna mamlaka. Hali ni mbaya.

Baada ya hapo ilibandikwa chati ukutani kwenye ukumbi wa kijiji, imejaa masanduku na mishale. Kulikuwa na Kurugenzi ya Uchimbaji, Kitengo cha Makande na Vinywaji, na Dawati la Uratibu wa Vilio. Hakuna ambaye angeshika jembe kabla ya kufanyiwa usaili, na mwenyekiti wa jopo alikuwa Abdiel mwenyewe. Muundo usingeweza kuvunjwa na yeyote kabla ya tathmini ya mwaka.

"Kuna swali?" aliuliza.

"Tuulize nini, na umeshachora?" alisema Mama Sia, mkuu wa masufuria tangu zamani. Watu wakapiga makofi.

Profesa wake wa chuo alimpa alama za juu, akasema ni nadra kuona taasisi isiyopinga mabadiliko. Abdiel alikuja kuisoma sentensi hiyo kijijini, mara mbili. Kwa bahati njema ya mageuzi, msimu wote ule hakufa mtu.

Kisha akafa Mzee Elinami Sumari, baba yake.

Mchungaji alipanga mazishi Jumamosi mchana. Ijumaa asubuhi Abdiel alifika akakuta uwanja umejaa watu, wote wamekaa. Masufuria yamefunikwa kifudifudi. Kule kwenye migomba, ardhi haijaguswa.

"Kaburi liko wapi?"

"Pole sana, mkurugenzi," alisema Ezra. "Nafasi za uchimbaji bado ziko wazi. Tulikuwa tunamsubiri mwenyekiti."

"Kaka Ezra, acha utani. Huyu ni baba!"

"Utani wa nini? Sisi hatupingi mabadiliko. Profesa amesema."

"Basi nauvunja muundo. Sasa hivi!"

"Kabla ya tathmini?" aliuliza Mama Sia kwa huruma. "Si ulitusomea mwenyewe, mwanangu?"

Jopo likakaa. Mwombaji hakutokea hata mmoja. Mwishowe Abdiel aliinuka kwenye kiti cha mwenyekiti, akaenda kukaa kwenye benchi la waombaji. Mama Sia, mjumbe wa jopo, akakaimu kiti.

"Una uzoefu gani?"

"Nimeandika sura nzima kuhusu..."

"Wa jembe."

"Sina, mama."

"Umeshawahi kuchimba kaburi la nani hapa?"

Misiba yote ya Akheri Abdiel alikuwa ameitumia rambirambi kwa simu.

"La mume wangu alichimba baba yako," alisema Mama Sia. "Mvua inanyesha. Hakuuliza nani ni bosi wa nani."

Jopo lilinong'ona kidogo, likaridhia kumwajiri kwa kipindi cha matazamio, chini ya Ezra. Wakampa jembe la Mzee Elinami, mpini umelainishwa na viganja vya mwenyewe. Alichimba akiwa na suruali yake ya ofisini. Shimo lilipofika magotini, malengelenge yalikuwa yamepasuka, naye akaketi kwenye udongo akalia bila kuratibiwa na dawati lolote.

"Sogea," alisema Ezra.

Majembe yakachomolewa nyuma ya migomba. Kumbe makande nayo yalikuwa yanachemka kwa jirani tangu alfajiri.

Jumamosi, maua yalipokwisha kuwekwa, Abdiel alinyoosha mkono apewe kipaza sauti, atoe shukrani kwa niaba ya uongozi. Mama Sia akakihamishia upande wa pili.

"Kaa chini, baba. Aliye kwenye matazamio hasemi kwa niaba ya taasisi."

Akakaa. Ezra ndiye aliyemsemea marehemu.