Mwakilishi wa Mjomba

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimekuwa mtu mzito! Mjomba Abdulmajid anakwenda Dar kupasuliwa macho. Leo mbele ya wakili ametia saini hati ya uwakilishi: mimi, Mikidadi, mtoto wa dada yake, nisimamie mali yake yote mpaka apone. Mwanawe Luqmani, anayempikia na kumfulia, ameambulia patupu. Pole yake. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, na mpwa ni mpwa.

Jumanne, 15 Julai
Nimechongesha muhuri. MWAKILISHI, wino wa zambarau. Luqmani ameuliza mbuzi wa baba yake watakula nini. Nimemwagiza aandike maombi, nitayapitia nikipata nafasi.

Alhamisi, 17 Julai
Mungu mkubwa! Bwana Wilfred, mhadhiri, anatafuta eneo milimani ajenge nyumba ya mapumziko. Shamba la Mjomba kule Kinole, na migomba yake, linamfaa kabisa. Mjomba haoni, shamba la nini? Atafurahi. Mimi nitapata pikipiki kwa usumbufu wangu. Mama sijamwambia. Mambo ya sheria yatamchosha.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu! Nimempandisha Wilfred hadi Kinole, nimevaa koti. Shambani tukamkuta Mama na Mama Mkubwa Maimuna wanapalilia. Wilfred akawapa shikamoo, akauliza mwenye shamba yuko wapi. Mama akajibu ni wao, wameachiwa na mama yao. Kaka yao analiangalia tu. Nikatoa hati haraka. Mama Mkubwa akaigeuza juu chini, akauliza karatasi hiyo imezaliwa na nani katika ukoo. Kumbe nilikuwa namuuza mama yangu! Mama aliinamia jembe lake. Machozi yalimlengalenga, na hilo limeniuma kwelikweli. Wilfred alinunua mkungu wa ndizi, akashuka bila kuniaga.

Jumapili, 20 Julai
Mjomba amepiga simu. Macho yamefungwa bandeji, mdomo haukufungwa. Hati yangu imefutwa. Amempa Luqmani nyingine huko huko Dar, ametia dole gumba. Sikubisha. Nimetubu, tena kwa dhati. Tamaa mbaya jamani!

Jioni Mama amekuja na ndizi za kupika. Amenisamehe. Alipokuwa anakaa akashika magoti, akalalamika kwamba siku hizi hata kwenda benki ni mtihani. Maskini Mama! Nimemwambia asihangaike, kuna wakili ninafahamiana naye.