Muuaji Aliyepiga Hodi

Jumatatu, 9 Juni. Iyunga, Mbeya.

Leo nimeamka nikiwa mwongozaji wa filamu. Hadi jana nilikuwa mpiga picha za harusi na kipaimara. Tofauti ni kubwa na majirani wataiona wenyewe.

Mambo yako hivi. Kule Ipogolo, Iringa, kwa wakwe zangu, kuna Mama Verediana mwenye ukumbi wa viti mia na pazia jeupe ukutani. Anatafuta mtu mmoja wa kuonyesha filamu zake kila Jumamosi. Shemeji yangu Dastan, kaka yake mke wangu Yusta, anazitaka Jumamosi hizo kwa vichekesho vyake vya watu kuanguka kwenye matope. Mimi nazitaka kwa filamu ya kutisha. Mama ameamua tushindane Jumamosi hii, na kipimo chake ni kimoja: filamu inayowafanya watu watoke nje kununua mahindi ya kuchoma ndiyo imeshindwa. Nikishindwa, narudi kumshikia Dastan taa kwenye harusi. Miaka minne nimeishika taa ile. Mkono wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto.

Sishindwi. Nimetazama filamu za kutisha miaka kumi, daftari mkononi. Kanuni zote ninazo. Giza. Ukungu. Mlango unaolia. Muziki wa kukwaruza. Muuaji haongei. Na mtazamaji akione kisu mapema, ila marehemu mtarajiwa asikione. Nimemweleza Yusta moja baada ya nyingine. Nilipofika ya nne alikuwa amesinzia. Uchovu wa safari, ingawa safari ni kesho.

Jumanne, 10 Juni. Ipogolo.

Tumefika salama. Tatizo la kwanza: sina muuaji. Nilimtaka Jailos, fundi seremala, kwa ajili ya macho yake. Kaenda Usangu kuvuna mpunga.

Nikaamua koti zuri linatosha, aliye ndani nitamtafuta. Baba mkwe, Mzee Kalinga, ana koti jeusi la kufika kwenye visigino. Hulivaa Jumapili akiwaonyesha waumini viti vyao. Koti la muuaji kabisa! Nikaliomba kwa heshima, goti moja chini. Mzee akasema koti lile halijawahi kutoka nyumbani bila yeye kuwa ndani yake.

Kwa hiyo muuaji ni baba mkwe. Yusta kacheka mpaka kashika ukuta. Hajui sanaa, namsamehe. Mzee ni mrefu, anatembea polepole kwa sababu ya goti, na uso wake hausemi kitu. Mwongozaji mwingine asingemwona. Mimi nimemwona.

Marehemu mtarajiwa ni Violet, binti wa shangazi yake Yusta, wa kwaya. Akipiga ukelele, mbwa wa mtaa wa pili wanajibu.

Jumatano, 11 Juni.

Siku ya damu. Nimepanda gari mpaka Ilula kutafuta nyanya zilizopondeka. Mama mmoja kanikatalia. Kasema hawezi kumwacha mwanaume mzima ampelekee mkewe nyanya za kulia machozi. Kanichagulia ngumu, nzuri, na karoti kaongeza.

Nikampa Yusta azichemshe mpaka ziwe nzito. Kaja na damu yenye vitunguu. Nikamuuliza ni mtu gani huyo anayetoka damu yenye vitunguu. Kajibu kwamba hajawahi kuweka nyanya jikoni bila kitunguu na hataanzia uzeeni. Tumeipaka kwenye shati hivyo hivyo. Dastan kapita, kanusa, kauliza kama wali uko tayari. Wasanii hatujibu.

Mlango nao. Nilikuwa nimeuchagua wa jiko la nje, unalia vizuri sana, mpaka nywele zinasimama. Jioni nimekuta mama mkwe kaumiminia mafuta ya kula kwenye bawaba. Kasema asingeniacha nirekodi mlango unaoiaibisha nyumba. Sasa unafunguka kimya. Nikamshukuru. Ungefanyaje?

Alhamisi, 12 Juni.

Sijui niandike vipi ya leo.

Maelekezo yangu yalikuwa mepesi. Violet yuko jikoni anamenya viazi. Muuaji tumeshamwonyesha nje akitia kisu ndani ya koti. Asukume mlango, aingie bila neno, amalize kazi. Nikasema anza. Mzee kafika mlangoni. Kasimama.

"Hodi," akasema.

Nikasimamisha kamera. Nikamweleza, kwa adabu zote, kwamba muuaji hapigi hodi.

"Mwanangu, umewafahamu wauaji wangapi?"

Akaendelea kunieleza kwamba nyumba ya watu haiingiwi kama mbuzi, na kwamba mchungaji atakuwepo Jumamosi, hawezi kumwona mzee wa kanisa akijipenyeza kwenye jiko la binti wa watu.

Tukarudia. Kapiga hodi tatu, kwa nafasi, kama inavyotakiwa. Violet naye, kalelewa vizuri mno, kaitikia karibu baba, pita. Mzee kafuta viatu. Kasalimia kwa Kihehe: kamwene, kamwene. Kamuulizia baba yake. Kaulizia mahindi, ng'ombe, mtoto aliyekuwa na kikohozi. Dakika nne! Kaomba maji, kanywa yote, kashukuru. Ndipo kaingiza mkono ndani ya koti.

Mara tatu nilifungua mdomo niseme "kata". Baba mkwe hakatwi.

Ijumaa, 13 Juni.

Siku nzima kwenye kompyuta. Nimeanza kwa kuiondoa hodi na salamu zake zote. Filamu ikawa safi. Mara Mzee kaingia na kikombe cha chai, mwenyewe kaniletea, kauliza kama salamu zake zimetoka vizuri. Nikazirudisha.

Nimefanya niwezalo kwa muziki. Shadrack, mpiga kinanda wa kwaya, kanipigia nota mbili tu, za chini kabisa, bila kupumzika. Zinatetemesha meno. Bahati mbaya betri ya kinanda imekwisha kabla ya kufika kwenye hodi, kwa hiyo kuanzia hapo mpaka mwisho kimya kitupu. Aibu. Lakini mwanzo una muziki, giza, na ukungu niliourekodi Mbeya. Mwanzo ndio wenye filamu.

Jumamosi, 14 Juni.

Naandika taa zote za nyumba zikiwaka. Kwa furaha.

Dastan alitangulia. Watu kumi na mmoja walitoka kununua mahindi, nimewahesabu mwenyewe kwa kidole. Waliobaki walicheka, lakini kucheka ni kazi rahisi, hata mtoto mchanga anaiweza.

Kisha mimi. Ukungu ukatanda ukutani. Mtu mmoja kasema hiyo ni Mbeya, kule hata Agosti huanui nguo. Nikaweka giza langu, dakika moja nzima. Ukumbi ukadhani umeme umekatika. Watu wakawasha tochi za simu, Mama Verediana kaenda kuangalia luku, na ishirini na wawili wakatoka kwenda kula mahindi. Ishirini na wawili! Dastan alinigeukia na kukunja mkono wa kulia juu, kama anayeshika taa.

Likaja shati la damu. Mama wa mbele kamuuliza jirani yake kama hicho ni kitunguu. Wakakubaliana ni kitunguu. Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha kinanda kikanyamaza. Mlango ukaonekana, na lile koti.

"Hodi."

Na ukumbi mzima, viti mia, bila kufikiri, kama tulivyolelewa wote, ukaitikia: "Karibu!"

Wakacheka kidogo. Halafu hawakucheka.

Hodi ya pili. Waliitikia wachache, nusu sauti. Walioshika mahindi mlangoni waliacha kutafuna. Hodi ya tatu hakuitikia mtu. Mama mmoja karibu yangu kasema polepole, jamani, tumemkaribisha wenyewe.

Violet kule ukutani kasema karibu baba, pita. Mzee mmoja nyuma kasimama akamwambia binti asimpe maji huyo. Kampa. Mzee Kalinga kaulizia mtoto mwenye kikohozi, na mchungaji, naapa nimemwona, kashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Dakika nne watu mia hawakukohoa. Mkono ulipoingia kwenye koti, walifunika nyuso zote pamoja, hivyo mauaji yenyewe hakuna aliyeyaona.

Taa zilipowaka hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Wametoka kwa makundi. Dastan kaomba asindikizwe, na nyumbani ni hapo ng'ambo ya barabara. Mama Verediana kanishika mkono kwa mikono miwili, kasema waliotoka kula mahindi walirudi wenyewe, kwa hiyo Jumamosi ni zangu, kuanzia wiki ijayo, na nilete nyingine inayofanana kabisa na hii. Nimeringa mbele yake bila kujizuia. Baba mkwe alikuwa pembeni anapiga vumbi koti lake.

Jumapili, 15 Juni.

Mtaa mzima unanizungumzia. Kanisani wamenipisha njia. Yusta anasema leo hata ukipiga hodi kwa jirani unasikia kwanza "nani?", kisha kimya, kisha pazia linasogea. Anasema ni ile hodi ya baba. Nimemwelewesha kwa upole. Wataalamu tunaita hii nguvu ya mwanzo: ukungu na giza vilishawalainisha, na zile nota mbili zikamalizia kazi. Kaniuliza nota gani, wakati pale palikuwa kimya. Mtu ambaye hajasoma kanuni huwezi kumweleza kila kitu.

Filamu ya pili nimeshaipanga. Ukungu mara mbili. Giza dakika tatu. Shadrack na betri mpya, nota mbili mwanzo hadi mwisho. Hodi naziondoa zote, na salamu, na maji. Muuaji ataingia dirishani bila neno, nimeshamtumia ujumbe Jailos kule Usangu. Mzee nitampa nafasi ya maiti. Maiti hasalimii. Na koti atalala nalo, nimemfikiria.

Mama Verediana alitaka inayofanana na hii. Atapata iliyo bora.

Mtu anapiga hodi kwenye mlango wa chumba chetu cha wageni. Yusta anasema ni baba, kaja na viazi. Nimemwambia akafungue yeye.

Hodi ya pili.

Yusta anauliza mbona nimetoa macho na kalamu imeanguka. Nimemwambia ni kinanda cha Shadrack, bado kinanilia kichwani.