Kutu ya Nereah ni Mali ya Watalii

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea Waheshimiwa; Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye pia ni mimi; wazee wa kijiji chetu cha Kambi Muru; maaskofu, wachungaji na mitume wa makanisa yote kumi na saba ya njia hii moja; akina mama wa vyama; wapangaji wa mtaa wa Olympic mlioshuka kututazama; majirani wa maghorofa ya Nyayo Highrise mnaotutazama bila kushuka; ujumbe mzito kutoka Kawangware; watalii wetu wapendwa, ambao nimearifiwa wako njiani; nawasalimu kwa vyeo vyenu vyote, na kama kuna niliyemsahau, basi ajue nimemheshimu kimoyomoyo. (Makofi kutoka viti vya mbele, walikokaa wafanyakazi wa msemaji.)

Mimi, Daktari wa Heshima Khamala, Mkurugenzi Mkuu Mwandamizi wa Kurugenzi ya Vivutio vya Mitaa, nimesimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama hapa. Miaka yote mgeni akifika Nairobi anaonyeshwa simba, anaonyeshwa twiga, anapandishwa majumba marefu, kana kwamba sisi huku hatuna cha kutazamwa. Nikajiuliza, but why? Nikafanya benchmarking katika miji tisa ya ng'ambo, nikala kiamsha kinywa na stakeholders wa kimataifa, na nikagundua siri. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mimi nasema hata kibaya, mradi kimepewa namba, nacho kitauzika. ("Eeeh!" viti vya mbele.)

Kwa hivyo tumegawa namba. Kivutio Namba Moja ni Maporomoko ya Kawangware, ambayo watu wasio na maono wamekuwa wakiyaita bomba lililopasuka, na ambayo yanatiririka mwaka mzima bila kutegemea mvua, jambo ambalo maporomoko mengi ya dunia yameshindwa. Kivutio Namba Nne, huko huko Kawangware, ni Mnara wa Giza, ile taa ndefu ya mulika mwizi ambayo haijawaka tangu isimamishwe, na ambayo wataalamu wangu wamethibitisha kuwa ndiyo taa pekee nchini inayoonekana vizuri zaidi mchana. ("Sema wezi ndio wanaipenda!" sauti ya mama mmoja. Kicheko.) Namba Tano ni roshani zote za Nyayo Highrise, ambazo tumezisajili kuwa view points, ingawa wenye kuanika nguo humo bado hawajajulishwa, kwa sababu ya protocol.

Lakini kilichotuleta leo ni Kivutio Namba Saba, nyumba ya dada yetu Nereah, fundi wa nguo. Simama, dada, wakuone. (Nereah tayari amesimama, mikono kiunoni.) Paa la nyumba hii, mabibi na mabwana, lina kutu ya viwango vya kimataifa. Kutu hiyo ina rangi nne, ina mashimo thelathini na moja, na machweo yakilipiga unaweza kulia. Ndiyo maana miezi minane iliyopita maafisa wangu walipaka namba ya kijani mlangoni, na mimi mwenyewe nikatoa amri kwamba paa hilo lisizibwe, lisibadilishwe wala lisipigwe msumari hata mmoja, kwa maana hatuwezi kumtoa mtalii kwao, avuke bahari, aje kupiga picha bati jipya ambalo hata kwao lipo.

("Mheshimiwa, mabati mpya niko nayo!" anapaza sauti Nereah. "Imelala chini ya kitanda hiyo miezi yote! Mvua ikinyesha inanyeshea cherehani. Uniform za watoto zimeota ukungu, wazazi wameenda kwa fundi mwingine. Sasa nitakula hiyo namba?" Makofi makubwa, haya ya kweli.)

Asante kwa swali hilo zuri, ingawa si swali. Dada Nereah, utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wanafurahia kuvujiwa, iwapo kuvujiwa huko kuna mwelekeo wa kiutalii. Public participation ilifanyika kikamilifu, siku ya Jumanne, hapa hapa, na nilihudhuria mimi binafsi, peke yangu, na hakuna aliyepinga. Isitoshe, tumekuidhinishia ndoo moja, in principle, ambayo ikifika itakuwa Kivutio Namba Saba B.

("Boss, heshimu watu!" Ni Wanzala, fundi wa mabati. "Mimi nilikuja kumfanyia hiyo kazi, watu wako wakanitimua kama mwizi. Na ona vile mawingu yamefunga huko juu. Mvua ndio hiyo. Huyu mama atashonea wapi, kwa choo?")

Namsamehe ndugu yangu, hana vision. Vision ni hii: kufikia mwaka 2030, watalii milioni nne watapita kwenye kichochoro hiki kila mwezi, kwa foleni moja, hoteli ya nyota saba itasimama hapo penye mama wa chapati, naye mama wa chapati atakuwa mandhari yake, na kila mkazi atapewa kofia ya kumtembeza mkazi mwenzake. Nikisema Kutu, nyinyi semeni Ajira! Kutu! (Watu watatu: "Ajira...") Kuvuja! ("Ni kwako!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mola, najishukuru mimi, na kwa namna ya kipekee nawashukuru mawakili wangu, maana nasikia dada Nereah amekusanya sahihi mia mbili ili anipeleke kortini. Dada yangu, utamshtaki nani? Kurugenzi ya Vivutio vya Mitaa haijawahi kuundwa! Haimo katika sheria yoyote, haina ofisi, haina bajeti, na cheo hiki nilijipa mwenyewe kwa kauli moja. Watalii hakuna aliyealikwa. Mradi haupo na haukuwahi kuwepo, na mimi nawauliza, mradi ambao haupo utafeli vipi? (Walio viti vya mbele wanageuka kutazamana.)

("Ngoja, boss," anasema Wanzala polepole. "Kama hiyo ofisi haiko, basi hata ile amri ya mabati haiko?")

Haipo kabisa, ndugu yangu! Atakayesema ipo, alete ushahidi! Hope, katibu wangu, liandike hilo kwenye kumbukumbu, mpe nakala. (Hope anaandika haraka kuliko alivyowahi kuandika. Nereah anaipokea karatasi, anaisoma mara mbili, anaanza kulia, kisha anakimbilia nyumbani kwake. Wanzala anamfuata. Wanakijiji wanawafuata wote wawili.)

Naona mnaondoka kwa utaratibu, dalili ya watu walioridhika. Nawashukuru kwa... (Kutoka juu ya nyumba ya Nereah, nyundo inagonga. Halafu nyundo mbili. Halafu sita, kwa pamoja, na vifijo.) Jamani! Jamani, mnanitoa machozi! Nimepigiwa makofi katika miji tisa, lakini makofi mazito namna hii sijawahi kuyasikia! Asanteni! Msichoke! Pigeni, watu wangu, pigeni mpaka mvua inyeshe!